Karte za elektroniki: kwa nini fundi anapaswa kupima kisanduku kwanza

Mwezi wa sita mwaka 2019, Raspberry Pi ya Cambridge, Uingereza, ilitoa kompyuta ndogo mpya, Raspberry Pi 4. Karte yake ilikuwa na urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 56, sawasawa na ile iliyotangulia. Matundu manne ya vise yalibaki palepale. Lakini kisanduku kilichonunuliwa kwa ajili ya karte ya zamani hakikuweza kuipokea mpya. Mlango wa kebo ya intaneti ulikuwa umehamia upande mwingine, mlango wa umeme ulibadilishwa umbo, na ule mlango mmoja wa skrini ulikuwa umegeuka kuwa milango miwili midogo.

Mwenye kisanduku cha zamani alikuwa na njia mbili: kununua kingine, ama kushika tupa na kukwangua plastiki.

Kwa mtu anayeishi jirani na duka, hiyo ni hasara ndogo. Kwa fundi wa Bukavu, Goma, Uvira, Bunia ama Lubumbashi ni jambo lingine. Anaagiza kitu toka mbali, anangoja kipite mipaka, analipa usafiri na ushuru. Kisanduku kisichoingia kinamaanisha kulipa mara mbili, ama kuacha karte wazi juu ya meza. Na karte iliyoachwa wazi, katika mji wenye vumbi jeusi la mawe ya volkeno ama wenye mvua karibu mwaka mzima, haikawii kuharibika.

Tatizo hilo lina dawa, na dawa hiyo si mpya. Kwa miaka mingi viwanda vimekubaliana juu ya vipimo vya karte, ili anayetengeneza karte na anayetengeneza sanduku waelewane bila hata kujuana. Anayevifahamu vipimo hivyo anaokoa pesa. Asiyevifahamu anagundua kosa lake siku mzigo unapofika.

Karte ni kitu gani

Karte ndiyo ile sahani, mara nyingi ya rangi ya kijani, ambayo mafundi wa simu wanaikuta wakifungua kifaa chochote. Inatengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa pamoja na gundi ngumu. Juu yake kunabandikwa ngozi nyembamba ya shaba, ambayo kwa kawaida ina unene wa maikromita 35, yaani chini ya sehemu moja ya ishirini ya milimita. Kiwanda kinaondoa shaba isiyohitajika, na ile inayobaki inakuwa njia za umeme. Unene wa sahani nzima, kwa karte nyingi, ni milimita 1.6.

Kwa wakaaji wa mashariki na kusini mwa Congo, vitu hivi si vigeni. Shaba ni ile inayochimbwa Haut-Katanga na Lualaba. Risasi ya kuungia vipande, katika karte nyingi za leo, kwa sehemu kubwa ni bati, madini yanayotokana na kasiteriti kama ile ya Walikale. Karte nyingi pia zina vipande vidogo vya kuhifadhi umeme vilivyotengenezwa kwa tantali, inayotoka katika koltani kama ile ya Rubaya, katika wilaya ya Masisi. Madini yanaondoka katika magunia, na yanarudi yakiwa karte ambazo fundi ananunua kwa dola. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kutoziacha zife kwa kukosa kisanduku cha plastiki.

Milimita 100 kwa 160

Kipimo kinachojulikana zaidi katika mitambo ya viwanda kinaitwa Eurocard. Ni karte yenye kimo cha milimita 100 na kina cha milimita 160. Kipimo hiki hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kilitokana na kabati ambalo karte itaingia.

Kabati hilo ni lile la inchi 19, yaani milimita 482.6. Inchi ndicho kile kipimo cha Waingereza ambacho kwa Kifaransa kinaitwa pouce. Makabati ya upana huo yalitumika tangu zamani katika vyumba vya mitambo ya simu, na hata leo ndiyo yanayobeba mitambo ya redio, ya benki na ya makampuni ya simu. Kimo cha vifaa vinavyoingia humo kinahesabiwa kwa kipande kinachoitwa U, na U moja ni milimita 44.45.

Hesabu yake ni rahisi. U tatu ni milimita 133.35. Karte ya Eurocard ya milimita 100 inaingia katika nafasi hiyo na kuacha milimita 33.35 kwa ajili ya reli zinazoishika juu na chini. Kwa mtambo wa U sita, nafasi ni milimita 266.7. Ukiondoa zile zile 33.35, inabaki 233.35, na hicho ndicho kimo cha Eurocard kubwa. Kina chake kinaongezeka kwa hatua za milimita 60: kuna 100, 160, 220 na 280.

Faida yake ilionekana haraka. Mwaka 1979, kampuni changa ya Acorn, nayo ya Cambridge, iliuza kompyuta yake ya kwanza ikiwa karte mbili za Eurocard, bila sanduku lolote. Aliyenunua alijua kwamba kabati la kuziweka lipo tayari sokoni, limetengenezwa na watu wengine. Mwaka 1981 ulitokea mfumo wa VME, ambao nao ulichukua vipimo vya Eurocard. Mitambo ya VME imetumika katika viwanda na katika maabara ya CERN, huko Geneva. Fundi anayehitaji kubadilisha karte moja katika mtambo kama huo hahitaji kubadilisha kabati. Anachomoa iliyokufa, anasukuma mpya katika reli zile zile.

Kompyuta za mezani zilivyopata kipimo chao

Jambo la namna hiyo limetokea katika kompyuta za mezani, zile ambazo zinajaza sibakafe na maofisi ya serikali. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitangaza kipimo cha ATX: milimita 305 kwa 244. Pamoja na ukubwa wa karte mama, Intel ilipanga pia mahali pa matundu ya vise na ukubwa wa dirisha la nyuma ambamo milango yote inatokea. Dirisha hilo ni la milimita 158.75 kwa 44.45.

Baadaye zikaja karte ndogo zaidi. MicroATX ina milimita 244 kila upande. Mini-ITX, iliyotolewa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, ina milimita 170 kila upande. Jambo la maana ni kwamba hizo ndogo zilihifadhi lile dirisha la nyuma na baadhi ya matundu ya kubwa. Kwa hiyo karte ya Mini-ITX inaweza kufungwa katika sanduku la ATX lililotumika miaka kumi. Kinyume chake hakiwezekani.

Ndiyo maana fundi wa kompyuta anaweza kufufua sanduku kuukuu kwa karte mama ya kampuni nyingine kabisa. Hali si hiyo kwa kompyuta za kubeba. Huko kila kampuni inachora karte yake kwa umbo lake, hata kati ya modeli mbili za mwaka mmoja, na karte mama iliyokufa inahitaji nyingine ya modeli ile ile.

Karte ndogo na matatizo yake

Katika miaka ya karibuni, wanafunzi na mafundi wengi wameanza kazi na karte ndogo za bei nafuu. Wanazitumia kupima joto la maji, kuwasha pampu, kuchunga batri za sola ama kuendesha redio ndogo ya mtaa. Hapo vipimo vipo, lakini kila kimoja kina historia yake.

Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Modeli yake inayojulikana zaidi, Uno, ina milimita 68.6 kwa 53.4. Tangu mwanzo mchoro wake ulikuwa na kosa. Matundu ya nyaya yanapaswa kuachana kwa milimita 2.54, lakini kati ya tundu la 7 na la 8 kuna nafasi kubwa kuliko hiyo. Waliotengeneza Arduino waliliona kosa, ila karte za kuongeza juu yake zilikuwa tayari zinauzwa. Kulisahihisha kungezifanya zote zisiingie tena. Kosa likaachwa, na hadi leo karte zinazoiga Uno, zile za bei ndogo toka China, zinaliiga kosa lile lile. Kwa mtumiaji huo ni uamuzi mzuri: kisanduku kilichotengenezwa kwa ajili ya Uno kinaipokea hata ile ya kuiga, mradi imefuata mchoro wenyewe.

Raspberry Pi ilipita njia tofauti. Ya kwanza iliuzwa tangu mwezi wa pili mwaka 2012, bila hata tundu moja la vise. Watu waliishika kwa gundi, kwa kamba za mpira, ama kwa visanduku vinavyobana kingo. Matundu mawili yaliongezwa baadaye mwaka huo huo. Katika mwezi wa saba mwaka 2014, modeli ya B+ ilileta matundu manne yaliyopangwa vizuri: milimita 58 toka moja hadi jingine kwa urefu, milimita 49 kwa upana, kwa vise za milimita 2.5.

Hayo matundu manne hayajahama. Anayetengeneza bamba la kushikia Raspberry Pi leo anaweza kuwa na hakika kwamba vise zitaingia. Ila milango ya pembeni imehama mara mbili: mwaka 2019 kwa Raspberry Pi 4, na mwaka 2023 kwa Raspberry Pi 5, ambapo mlango wa intaneti ulirudi upande wake wa zamani na ule wa sauti ukaondolewa. Kwa hiyo neno «Raspberry Pi» likiandikwa peke yake juu ya kisanduku halitoshi. Kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa kusoma namba ya modeli.

Kuna kundi la tatu, ambalo halina kipimo kabisa. Ni zile karte zinazobeba kichwa cha ESP32, cha kampuni ya Espressif ya Shanghai, ambazo zinapendwa kwa sababu zina Wi-Fi na bei yake ni ndogo. Kila kiwanda kinachora yake. Karte mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana kwa upana, kwa matundu na kwa mahali pa mlango wa USB. Kwa hizo, kisanduku kinapimwa pale karte inapokuwa mkononi.

Upande wa masanduku

Waliotengeneza masanduku nao wana vipimo vyao. Mfano ni kampuni ya Hammond ya Canada, yenye visanduku vya aluminiamu vya mfululizo wa 1590. Kile cha namba 1590B kina takriban milimita 112 kwa 60, na kimo cha 31. Wanaotengeneza vifaa vya kubadilisha sauti ya gitaa, vile vya kukanyaga kwa mguu, wamekitumia sana, hata viwanda vingine vikaanza kuuza visanduku vya ukubwa ule ule chini ya namba ile ile. Wengi wa wachoraji hao hawaanzi na karte. Wanaanza na kisanduku, halafu wanachora karte itakayoingia ndani.

Kuna pia kipimo ambacho karibu kila fundi umeme wa Congo anakishika kila siku bila kukiita kipimo: ile reli ya chuma inayobeba madijonkteri ndani ya kofre. Upana wake ni milimita 35, awe ni wa kofre ya nyumba ya Kalemie ama ya kiwanda cha Kolwezi. Sokoni kuna visanduku vya plastiki vinavyonasa juu ya reli hiyo hiyo, vyenye nafasi ya karte ndani. Anayetaka kuweka karte ya kuongoza pampu ama taa anaweza kuifunga ndani ya kofre ya kawaida, kando ya dijonkteri, bila kutoboa ukuta mara ya pili.

Alama nyingine ya kusoma ni herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata. Tarakimu ya kwanza inaeleza jinsi sanduku linavyozuia vitu vigumu na vumbi, toka 0 hadi 6. Ya pili inahusu maji. IP20 inazuia kidole tu. IP65 haipitishi vumbi na inavumilia maji yanayorushwa kwa mpira. Kwa kifaa kitakachowekwa nje, chini ya mvua ya Kivu ama kando ya barabara ya vumbi, IP20 haitoshi. Lakini pia sanduku la IP65 linapoteza sifa hiyo dakika ile fundi anapotoboa tundu la waya na kuliacha bila mpira wa kubana.

Kupima bila kukosea

Kosa linalowapata wengi ni kusoma kipimo cha nje cha sanduku na kukilinganisha na karte. Ukuta wa plastiki una unene wa milimita mbili ama tatu kila upande. Zaidi ya hapo, masanduku mengi yana vinguzo katika kona nne za ndani, vinavyopokea vise za mfuniko. Karte ya mstatili yenye kona kali itagonga vinguzo hivyo hata kama urefu na upana vinaonekana kutosha. Kwa hiyo kinachotafutwa ni kipimo cha ndani, na nafasi iliyopo kati ya vinguzo.

Jambo la pili ni kimo. Karte ina milimita 1.6 tu, lakini juu yake kunasimama vipande virefu, na chini yake kuna ncha za risasi zinazochomoza. Karte haipaswi kulala moja kwa moja juu ya sakafu ya sanduku. Inainuliwa juu ya vinguzo vidogo, milimita tano hivi. Kama sanduku ni la chuma, jambo hilo ni la lazima, kwani ncha hizo zikigusa chuma, umeme unapita pasipotakiwa na karte inaungua.

Jambo la tatu ni nyaya. Kichwa cha kebo ya USB kikiwa kimechomekwa kinahitaji sentimita kadhaa kabla kebo haijapinda. Fundi anayepima karte pekee bila kebo zake anapata sanduku ambalo linafungwa vizuri mezani, lakini halifungwi siku ya kuunganisha.

Njia rahisi haihitaji chombo chochote cha bei. Chukua kartoni ya sanduku la viatu. Kata kipande chenye ukubwa kamili wa karte, toboa matundu mahali pake, weka juu yake vipande vya kartoni vyenye kimo cha milango. Kipande hicho kinapelekwa dukani ama sokoni na kujaribiwa ndani ya kila sanduku linaloonekana kufaa. Kwa anayeagiza kwa intaneti, viwanda vizuri vinatoa mchoro wa vipimo vya ndani pamoja na bidhaa. Muuzaji asiyekuwa na mchoro huo aulizwe kabla ya malipo.

Kwa anayechora karte yake mwenyewe, kazi ni nyepesi zaidi. Programu ya KiCad, iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, ni ya bure na inapatikana kwa Kifaransa. Mchoraji anaweza kuanza kwa kuchora ukingo wa sanduku alilo nalo, kuweka matundu ya vise, kukata kona panapokuwa vinguzo, halafu ndipo apange vipande. Viwanda vingi vya China vinatoza bei ya chini kabisa kwa karte isiyozidi milimita 100 kwa 100. Anayebaki ndani ya kipimo hicho analipa kidogo, na masanduku ya kumfaa ni mengi.

Joto, Wi-Fi na umeme wa SNEL

Sanduku linalinda, lakini linaweza pia kudhuru. Raspberry Pi 4 ikifikia takriban digrii 80 inaanza kupunguza kasi yake ili isiungue. Ndani ya kisanduku kilichofungwa pande zote, chini ya bati la nyumba ya Uvira ama Kalemie mchana, kufika huko ni rahisi. Kifaa cha namna hiyo kinahitaji matundu ya hewa, ama kipande cha aluminiamu kinachotoa joto nje.

Sanduku la chuma linazuia mawimbi. Karte yenye Wi-Fi ikifungwa ndani yake inapoteza mtandao, isipokuwa antena iwe nje. Kwa kazi hiyo plastiki inafaa zaidi.

Penye umeme wa volti 220, tahadhari inaongezeka. Sanduku la chuma lazima liunganishwe na waya wa ardhi, ule ambao mafundi wanaita terre. Nyaya za volti 220 ziwe mbali na zile za volti 5, na zishikwe vizuri ili hata ukivutwa kwa nje waya usichomoke ndani. Sanduku lenye umeme wa namna hiyo lisifunguliwe kwa mkono mtupu. Lifungwe kwa vise, ili mtoto asiweze kulifungua.

Pale ambapo duka halina kitu

Sehemu nyingi za mashariki hazina duka la masanduku ya elektroniki. Lakini maduka ya vifaa vya umeme yapo karibu kila mji, na yanauza yale masanduku ya plastiki ya kuungania nyaya ukutani. Mengi yana mfuniko wa vise na alama ya IP. Hayo yanatosha kwa kazi nyingi. Karte inashikwa kwa bamba la plastiki linalowekwa ndani, na bamba ndilo linalotobolewa, siyo sanduku. Siku karte ikibadilishwa, bamba jipya linakatwa, sanduku linabaki lile lile.

Vyombo vya chakula vya plastiki vinatumika pia, ila kwa volti ndogo tu, na ndani ya nyumba. Mengi ya hayo hayavumilii jua, yanapasuka baada ya miezi michache nje. Kopo la bati nalo ni chuma, na kanuni ya kuinua karte ni ile ile.

Kwa wanafunzi wa elektroniki na kwa vijana wanaotengeneza vifaa vya kuuza, ushauri unabaki mmoja. Kabla ya kuchora karte, ama kabla ya kuiagiza, wajue itaishi ndani ya nini. Wachague sanduku ambalo wataweza kulipata tena mwaka ujao, wapime ndani yake, halafu wafuate. Mteja wa Beni ama wa Kindu atakayefungua kifaa hicho kwa ajili ya kukitengeneza atahitaji kupata kipande kingine kinachoingia.

Ikumbukwe kwamba vipimo hivi vyote, toka Eurocard hadi reli ya milimita 35, havihitaji leseni wala malipo ili kuvifuata. Vinahitaji rula, kartoni na muda wa dakika kumi kabla ya kutuma pesa.